Vipimo vya Mtu Mwingine

Ubao niliununua kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama mji. Tulikutana kwenye maegesho ya duka la vyakula, akautoa nyuma ya gari ukiwa umeviringishwa kwenye shuka kuukuu, vifungio vya miguu vikiwa tayari vimekazwa juu yake. "Kila kitu kiko sawa," aliniambia. "Wewe ni kuvaa na kuteremka tu." Nikampa hela zake, nikaukumbatia ubao hadi kituo cha basi kama mtu aliyenunua mlango na bado hana nyumba.

Hakunidanganya. Kila kitu kilikuwa sawa kweli, kwa miguu yake. Ilinichukua wiki saba kulielewa hilo, na wiki hizo zote goti langu la kulia lilikuwa linauma.

Mimi nimekulia Moshi. Mlima tuliuona kila siku mawingu yakikubali, na theluji ya Kibo ilikuwa kitu cha kutazama kwa mbali, kama mwezi. Wajomba zangu wawili walibeba mizigo ya watalii kwa miaka mingi, na ndio pekee katika ukoo wetu waliowahi kuikanyaga. Waliporudi hawakusimulia uzuri wake. Walisimulia baridi, na kama malipo yametoka au bado.

Kisha nikapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya maji, Salt Lake City, jimbo la Utah. Huku theluji ndiyo maji. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka bombani wakati wa kiangazi ilianguka milimani ikiwa theluji miezi kadhaa kabla, ikakaa huko juu kusubiri jua la Aprili na Mei. Kazi yangu ni kuchimba shimo kwenye theluji, kupima uzito wake tabaka kwa tabaka, na kukadiria tutapata maji kiasi gani itakapoyeyuka. Mama nilimweleza hivi: "Nahesabu maji kabla hayajawa maji." Akasema hiyo ni kazi nzuri, mradi walipe.

Ila kuna jambo ambalo barua ya chuo haikulitaja. Ifikapo Januari, bonde la Salt Lake hufunikwa. Hewa ya baridi hukwama chini, hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa magari na wa nyumba hubaki humo humo. Siku tano, wiki, wakati mwingine zaidi, unaamka kwenye ukungu wa kijivu na unalala kwenye ukungu huo huo. Mtu wa Moshi nilikuwa nimekuja kuishi ndani ya moshi. Nilianza kulala saa kumi na mbili kwa siku. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nusu, nusu nikaitupa. Nilipopigiwa simu na nyumbani nilizima kamera nikasingizia intaneti.

Mwenzangu wa maabara, kijana wa Idaho asiyependa maneno mengi, aliniona nimeinamisha kichwa juu ya meza akasema, "Panda basi la mlimani. Juu kuna jua." Nikapanda, bila ubao, bila mpango. Basi liliingia kwenye korongo la Big Cottonwood, likapanda kona kwa kona ndani ya ule ukungu, kisha ghafla likautoboa. Anga ya buluu. Theluji iking'aa hadi nikafumba macho. Chini yetu bonde zima lilikuwa limefunikwa kama maziwa kwenye bakuli, na sisi tuko juu ya kila kitu. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nikiwatazama watu wakiteremka. Wiki iliyofuata nikanunua tiketi ya msimu ya wanafunzi, kwa malipo ya awamu, na ule ubao.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: kwenye ubao wa theluji husimami ukitazama mbele. Unasimama ubavu, kama kondakta wa daladala mlangoni, bega moja limetangulia, miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja. Ukiegemea upande wa vidole, ukingo wa mbele wa ubao unauma theluji. Ukiegemea visigino, unauma ukingo wa nyuma. Kugeuka ni kuhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine bila kuushtua ubao. Wiki za mwanzo hakuna kugeuka, ni kuanguka. Hilo nilitarajia. Nilianguka kwa makalio, kwa magoti, kwa mikono, mara moja kwa kidevu, na sikulalamika.

Maumivu mengine ndiyo sikujua niyaweke wapi. Kila nilipofunga ubao, ndani ya dakika kumi nyayo zilikakamaa. Mapaja yaliwaka moto hata nilipokuwa nimesimama tu. Na goti la kulia, ambalo ndilo la nyuma, lilikuwa kama mtu analikamua kwa ndani, kitambaa cha kufulia kinavyokamuliwa. Nikiteremka ngazi za maktaba nilishika ukuta. Maabara waliponiuliza nilisema niliteleza kwenye barafu ya barabarani.

Maelezo niliyojipa mwenyewe yalikuwa mepesi: mimi si mtu wa theluji. Usiku nilikuwa naweka mfuko wa njegere za barafu juu ya goti huku nikisoma habari za Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji aliyejifunza kuteleza kwa ski ukubwani, akashiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Ndiyo Olimpiki ambayo ubao wa theluji nao uliingia kwa mara ya kwanza. Boit alimaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alibaki pale mstarini akimsubiri, akamkumbatia. Mwaka 2002 Boit alishindana tena, na michezo ya mwaka ule ilifanyika hapa hapa Salt Lake City. Hadithi ile ilinitoa machozi, na nikachukua somo ambalo sasa naona nililichukua vibaya: kwamba Mwafrika kwenye theluji kazi yake ni kuvumilia hadi mwisho. Sikujiuliza hata siku moja kama Boit alishindana amevaa buti za mtu mwingine.

Mwisho wa Februari yule mwenzangu wa Idaho alinikuta mlimani, nimekaa pembeni ya njia, nimejifungua mguu mmoja, nalisugua goti. Hakuniuliza kama naumwa. Alitazama ubao wangu.

"Nani alikupangia vifungio?"

"Vilikuja hivyo."

"Huyo jamaa alikuwa na urefu gani?"

Nikainua mkono kuonyesha, juu ya kichwa changu. Mimi nina sentimita 160. Alicheka kidogo, akafungua begi lake, akanipa bisibisi fupi nene. "Nenda kavifungue vyote," alisema. "Anza upya. Ruka, uangalie miguu inatua wapi."

Basi jioni ile nikaketi kwenye zulia la chumbani na ubao mbele yangu. Kifungio ni kama ndara ya plastiki ngumu yenye mikanda miwili, mmoja wa kifundo cha mguu, mwingine wa vidole, na nyuma yake kuna kiegemeo kinachopanda hadi kwenye shavu la mguu. Katikati ya hiyo ndara kuna kisahani cha duara chenye alama za nyuzi pembeni, kama protrakta ya kwenye mkebe wa shule. Skrubu nne hupita kwenye kisahani na kuingia kwenye matundu ya ubaoni. Ukizilegeza, kifungio kinazunguka na kinasogea. Mambo yote haya yalikuwa yanafunguka muda wote ule, na mimi nilikuwa nayachukulia kama yamezaliwa na ubao.

Futi kamba ninayo. Mama aliitia kwenye sanduku langu uwanja wa ndege wa KIA, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo. Mama yangu ni fundi cherehani. Ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, anashona sare za shule, magauni ya vitenge na suti za harusi, na hakuna mtu anayeijua futi kamba kumzidi. Kwangu ilikuwa saa mbili usiku, Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Nikampigia, na safari hii nikawasha kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekaa chini, huko hakuna viti?" Akasogeza uso karibu na simu. "Na hilo ni nini, ubao wa kupigia pasi?"

"Ni wa kutelezea kwenye theluji, mama."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani.

"Tulikupeleka kusoma au kuteleza?"

Ningeweza kumwambia ni wa utafiti. Ilikuwa karibu na ukweli. Badala yake nikamwambia yote: ule ukungu, kulala, ugali wa kutupa, basi lililotoboa wingu. Kisha goti. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Goti linauma tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na bado unapanda."

"Nilidhani nitazoea."

"Haya," alisema, na sauti yake ikawa ile ya dukani. "Weka simu mbali nikuone wote. Simama."

Nikasimama, mgongo wima, miguu pamoja.

"Nani kakwambia usimame kama uko paredi? Simama unavyosimama."

Hiyo ni kanuni yake ya kwanza. Mteja akiingia kibandani na akaona futi kamba, hapo hapo anabana tumbo na kupandisha mabega. Mama hampimi. Anamuuliza habari za watoto, za shamba, za bei ya mahindi, mpaka mtu asahau kwamba anatazamwa, ashushe pumzi na kuegemea mguu anaoupenda. Hapo ndipo futi kamba inapotoka shingoni. Ukimpima mtu aliyejikaza, husema, nguo itamkaa siku atakayojikaza tu.

Kwanza tulitafuta mguu wa mbele. Nilivaa soksi, nikakimbia hatua tatu na kuteleza kwenye sakafu ya jikoni, kama watoto. Mguu wa kushoto ulitangulia, mara zote tatu. Nilikuwa natumaini kosa liko hapo, maana ningekuwa na hadithi fupi. Hapana, mwenye ubao naye alitanguliza kushoto.

Kisha upana. Nikaruka juu, nikatua, sikuisogeza miguu. Mama akaniambia niweke futi kamba kutoka katikati ya unyayo mmoja hadi katikati ya mwingine: 47. Nikaruka tena: 49. Mara ya tatu 48, na jirani wa chini akagonga dari. Kuna kanuni nyingine ya kuhakiki, kupima kutoka sakafuni chini ya kisigino hadi katikati ya pia ya goti, na hapo nilipata 46. Namba hizi zilikuwa zinaongea lugha moja. Nikapima ubao, katikati ya kisahani hadi katikati ya kisahani.

"Hamsini na sita," nikasoma.

"Sentimita nane?" Mama alicheka kicheko cha fundi aliyeletewa kazi ya fundi mwingine. "Hiyo ni nguo ya mtu mwingine, mwanangu. Huo si mshono wa kupunguza, ni wa kufumua."

Yule kijana, nadhani, alikuwa mtu wa kucheza: kuruka, kupanda juu ya vyuma, kutua kwa kuchuchumaa. Watu wa namna hiyo wengi hupenda msimamo mpana. Mimi kwa upana ule nilikuwa nimepanuliwa miguu kama bikari, magoti hayawezi kukunjika sawasawa, na kila nilipotaka kugeuka nilisukuma kwa nguvu za paja, kwa kuwa uzito wangu haukuwa na njia ya kuhama. Matundu ya ubao wangu yako kila baada ya sentimita 2, kwa hiyo nilisogeza kila kifungio matundu mawili kuelekea ndani. Nikahesabu vilevile pande zote mbili ili nibaki katikati ya alama zilizowekwa na watengenezaji. Ukisogeza mguu mmoja tu, unajikuta umeegemea mkia au pua ya ubao bila kukusudia.

Ikaja zamu ya pembe. "Kifungio cha kushoto kiko nyuzi 18 kwenda nje," nikamwambia, "na cha kulia nyuzi 18 kwenda nje upande wa pili."

"Nyuzi za nini? Kwani kinashonwa?"

Tulicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Shuleni hesabu tulifundishwa kwa Kiswahili, pembe mraba ni nyuzi 90, na sikuwahi kufikiri kwamba kwa mwanamke aliyeishi na nyuzi maisha yake yote neno hilo lina rangi na namba ya sindano. Nikaelekeza kamera chini aone nyayo zangu kwenye zulia. Alizitazama muda mrefu.

"Wa kushoto unatazama nje. Wa kulia hautazami nje kama wa kushoto. Haujawahi."

"Umejuaje?"

"Viatu vyako vya shule. Soli ya kulia ilikuwa inaisha sawasawa, ya kushoto inaisha pembeni. Nani alikuwa anavipeleka kwa fundi?"

Nilikuwa nimesoma vipimo vya theluji kwa miezi sita, na sikuwahi kuutazama mguu wangu mwenyewe. Goti hufuata vidole. Vidole vikielekea upande mmoja na goti likataka kwenda kwingine, kila ukichuchumaa unalisokota, na kwenye ubao unachuchumaa mara mia kwa siku. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kwenye pembe ambayo haujawahi kuisimamia tangu nijifunze kutembea. Nikazungusha visahani: kushoto nyuzi 15 kwenda mbele, kulia nyuzi 6 tu kwenda nyuma. Namba hizi wanaoanza wengi huanzia karibu na hapo, lakini ni zangu. Usizichukue kama nilivyochukua zile 18.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Kile kiegemeo cha nyuma kilikuwa kimeinamishwa sana mbele. Wazoefu hupenda hivyo kwa sababu ukingo wa kisigino huitikia upesi, lakini kwa mwanagenzi ni sawa na kukaa kwenye kiti kisichokuwepo siku nzima. Hapo ndipo yalipotoka yale mapaja ya moto. Nikakirudisha hadi kikasimama wima. Nikavaa buti, nikajifunga, Mama akauliza, "Na pindo? Limetoka sawa mbele na nyuma?" Alimaanisha vidole na visigino, na alikuwa amepatia: buti inatakiwa izidi ukingo wa ubao kwa kiasi kile kile mbele na nyuma, la sivyo upande mmoja utageuka kwa urahisi na mwingine utakupiga chenga. Yangu ilikuwa imesogea nyuma. Nikaisogeza mbele kidogo. Mikanda nayo nikaifupisha, pande zote mbili, ili mto wake ukae juu ya kifundo, katikati. Kumbe nyayo zilikuwa zinakakamaa kwa sababu nilikuwa nazikunja vidole kushikilia buti ndani ya mkanda wa mtu mwenye mguu mkubwa.

Skrubu nilizikaza kama fundi anavyokaza nati za gurudumu: moja, kisha ya mkabala wake, kidogo kidogo, kwa mkono. Ukikaza kwa hasira unaharibu nyuzi za tundu, na ukitumia bisibisi isiyolingana unakula kichwa cha skrubu, basi imebaki humo. Nikasimama juu ya ubao kwenye zulia, nikafumba macho, nikakunja magoti, nikayumba mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kufanya. Nilikuwa nimesimama tu.

Mbao za kwanza hazikuwa na vifungio kabisa. Mwaka 1965, Sherman Poppen wa Muskegon, jimbo la Michigan, aliunganisha ski mbili ili binti zake wapate kitu cha kutelezea, na kitu hicho kikaitwa Snurfer. Ulisimama juu yake bila kufungwa, ukashika kamba iliyotoka puani mwa ubao. Mmoja wa vijana waliokua nao, Jake Burton Carpenter, alianza mwaka 1977 huko Vermont kutengeneza mbao za kufunga miguu. Naelewa kwa nini. Ukifungwa unaweza kuuamuru ubao. Lakini ubao nao unakuamuru wewe, na ukifungwa vibaya huna hata nafasi ya kusogeza mguu sentimita moja kujiokoa. Anayesimama huru hujirekebisha bila kujua. Anayefungwa anategemea aliyemfunga alijua anafanya nini.

Kabla ya kukata simu Mama alitoa amri mbili. Niende kwenye zahanati ya chuo, na nisipande mpaka waseme. Nikaenda. Muuguzi alilikunja goti, akalikunjua, akasema hakuna kilichochanika, nipumzike wiki mbili. Ningependa kusema nilipumzika kwa utulivu. Nilikuwa naamka usiku kwenda kukanyaga ubao gizani.

Siku niliyorudi haikuwa ya ajabu. Nilianguka mara sita kabla ya saa tano asubuhi. Baada ya mteremko wa pili nilipiga magoti pembeni nikakagua skrubu, maana hulegea zikishatikiswa, na moja ilikuwa imelegea. Lakini nilipokunja magoti yalikunjika. Nilipotaka kwenda upande wa vidole, uzito ulihama wenyewe, ukingo ukauma theluji, ubao ukazunguka taratibu mpaka nikawa natazama mlima. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kuanguka kiasi kwamba nilitaka kuanguka kwa adabu tu. Jioni niliteremka ngazi za basi bila kushika chuma.

Siku ya pili niliona mguu wa kulia unataka kufunguka kidogo zaidi nikichuchumaa, nikauongeza kutoka nyuzi 6 hadi 9. Hicho tu, kitu kimoja kwa siku, la sivyo hujui kilichokusaidia. Nimenunua daftari dogo la kuandikia. Mama analo la kwake, la wateja, tangu kabla sijazaliwa: jina, kifua, kiuno, urefu, tarehe. Tarehe ndiyo muhimu, husema, kwa sababu mtu anayekuja leo si yule uliyempima Krismasi.

Nilimpigia kumpa habari. Alikuwa kibandani, simu imeegemezwa kwenye mabunda ya vitenge, na anashona huku anaongea. Nikamtazama kama alivyonitazama mimi. Amekaa kwenye ncha ya kiti, mgongo hauegemei popote, miguu inaifikia pedali ya cherehani kwa vidole tu. Kila baada ya mstari mmoja wa mshono anasimamisha mkono wa kulia na kujikandamiza kiunoni. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Nilidhani ndivyo mafundi wanavyoshona.

"Mama, hicho kiti ulikipata wapi?"

"Si kilikuja na cherehani. Yule mzee aliyeniuzia, alipohamia Arusha."

"Alikuwa na urefu gani?"

Cherehani ikasimama. Aliinua uso akanitazama, na nikaona ameshaelewa ninakokwenda.

"Usianze," alisema. "Mimi nimeshazoea."

"Futi kamba si iko shingoni?"

Alisonya. Kisha akaitoa shingoni, akainama, akapima kiti kutoka sakafuni: 46. Akapima mguu wake, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Alipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amejikaza.

"Arobaini," akasema.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nyuma yake daladala zilikuwa zinapiga honi kuelekea stendi.

"Seremala wa pale kona anarudi Jumatatu," alisema mwishowe. "Lakini kiti ni kizima kabisa, mwanangu. Kukikata miguu naona huruma."

Sikumbishia. Nilifungua daftari langu, na chini ya 48, 15 na 9 nikaandika 46, nikaandika 40, nikaweka tarehe.